Mikoba Kumi na Miwili, Pua Moja

Nilikunywa kikombe kizima cha chai ya shombo, nikafuta mdomo, nikashukuru.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Chake alikuwa amepiga funda moja tu, akakisukuma mbali. Macho yake yamefifia. Mtu akisimama mlangoni yeye huona kivuli, hajui kama ni mimi au ni kabati limehamishwa. Asubuhi ile mke wangu alikuwa ameenda sokoni kuchagua mikoba, na mama akasema chai ataipika mwenyewe, asifanywe mgonjwa ndani ya nyumba ya mwanawe. Akapapasa rafuni, akachukua sufuria ambayo jana yake ilichemshiwa samaki na haikuoshwa vizuri.

"Baba," akaniita. "Chai ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, Mama."

"Nikuongeze?"

"Kidogo tu."

Hakuinuka. Aliukunja mkono wake juu ya meza, akanigeuzia uso kana kwamba ananiona barabara.

"Hiyo chai paka angeinywa. Mtu hawezi. Wewe hunusi."

Nikasema nina mafua.

"Mafua gani ya miezi miwili? Chafya yako sijaisikia hata moja. Na mimi masikio ninayo."

Nilijisikia kama mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani. Kwa maana ilikuwa kweli. Miezi miwili iliyopita nilipata homa, ikanilaza siku tatu, na ilipoondoka ikaondoka na pua yangu. Nilisubiri wiki moja, nikasubiri ya pili. Nilinusa kitunguu, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa viatu vyangu mwenyewe. Hakuna kitu. Ni kama kunusa dirisha.

Mtu mwingine angesema, pua tu, si mguu. Lakini kazi yangu mimi inaanza puani. Ninasafisha mikoba ya ngozi ya mtumba hapa nyumbani, katika chumba alicholala binti yetu kabla hajaolewa. Mke wangu anaichagua kwenye belo, anaileta imekunjamana kama makaratasi ya jana, mimi ninaifanya ipendeze tena, naye anaipeleka dukani. Watu wakija kuniona nafanya kazi wanaangalia mswaki, sabuni, msasa, rangi, nta na sindano. Wanadhani ufundi uko hapo. Hapo ni mwisho. Mwanzo ni kufungua mkoba, kutumbukiza uso mpaka masikioni, na kuvuta pumzi. Pua ndiyo inayokwambia kama ndani mlikuwa na sigara, au manukato yaliyomwagika, au kuvu, au maziwa ya mtoto. Maziwa ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu yanapita kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani, na kujificha chini ya kadibodi ya kitako. Mkoba unaweza kung'aa nje kama kioo na ndani ukawa kaburi, na jicho lisijue.

Mke wangu alikuwa na maneno yake aliyopenda kuwaambia watu: "Mume wangu ana pua ya mbwa." Alikuwa akiyasema kwa kunicheka, lakini kifua mbele. Sikumbuki sifa nyingine yoyote aliyonipa mbele za watu. Sasa nitamwambiaje mbwa amebaki na mkia tu?

Basi nilinyamaza, na kunyamaza kukanifanyisha upumbavu. Mzigo uliotangulia ulikuwa mikoba kumi. Kwa kuwa sikuweza kujua upi unanuka na upi haunuki, nikaona nizisugue bitana zote kwa siki na maji, iwe salama. Kesho yake nikapata wasiwasi, nikazisugua tena. Keshokutwa sikukumbuka kama nilirudia zote au nusu, nikarudia zote. Mwenye duka tunamwita Mama Kipimo, kwa sababu hatembei bila utepe wa kupimia. Alifungua mkoba wa kwanza pale mezani kwake, akapiga chafya tatu, akamwambia mke wangu: "Dada, mimi nauza mikoba. Achari inauzwa duka la pili."

Kumi yote ikarudi. Mke wangu aliiweka juu ya meza, mmoja mmoja, bila kusema. Kisha akasema.

"Umeipika?"

"Siki ilikuwa kali. Nadhani wamebadilisha kampuni."

"Na pua yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imeziba siku hiyo."

Uongo mara mbili kwa pumzi moja, na wote akaumeza, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kunishuku. Alienda kumbembeleza Mama Kipimo, akarudi na nafasi moja. Mikoba kumi na miwili, Jumamosi baada ya wiki mbili. Ukinuka hata mmoja, mwenye duka anatafuta mafundi wengine. Na wanunuzi wa mikoba ya kazi kama yetu katika mji huu hawafiki wawili. Mke wangu aliacha cherehani za kiwandani kwa ajili ya kazi hii. Mimi nilitoka kwenye kigoda cha fundi viatu, na magoti yangu hayarudi tena pale hata nikiyasihi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipokuwa nimekaa mbele ya mama mkwe na kikombe cha shombo.

"Usimwambie, Mama," nikasema.

"Kwa nini nisimwambie? Ni mwanangu."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Mzigo huu ukishatoka."

"Hapana. Kabla haujatoka." Akatafuna midomo. "Nitakunusia mimi. Mikoba yote. Lakini kabla mwenye duka hajaingia mlango ule, mke wako awe amesikia kutoka kinywani mwako. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana, kama mtu anavyokubali jino ling'olewe wiki ijayo.

Niseme pia kwamba mimi na mama huyu hatukuwahi kuwa chungu na kifuniko. Miaka ishirini na miwili iliyopita, nilipoenda kwao mara ya kwanza, alimwambia bintiye jikoni, kwa sauti aliyojua itanifikia sebuleni: "Huyu kijana ananuka gundi." Tangu hapo tumeishi kwa shikamoo na marahaba. Sasa nikawa nampelekea mikoba kama mtoto anayepeleka daftari likasahihishwe.

Nilingoja mke wangu atoke. Akienda dukani, akienda kwa jirani, akienda kuanika nguo, mimi huyo, mkoba kwapani, mpaka chumbani kwa mama. Aliuweka mapajani, akaupapasa kwanza nje, akafungua zipu polepole, akainama. Alivuta mara mbili fupi, akatulia, akavuta moja ndefu.

"Huu mwenyewe alikuwa mvutaji. Na sigara zenyewe za ovyo."

"Ndiyo, Mama."

"Huu alimwaga chupa ya manukato, akaona aibu kuubeba tena. Anika kivulini, siku mbili, na magazeti ndani."

"Ndiyo, Mama."

"Huu, loh! Panya amezalia humu. Si mmoja. Ukoo mzima."

Nilienda nikatoa bitana, nikasugua, nikapaka unga wa magadi, nikakung'uta, nikaanika, nikarudisha kesho yake. Akanusa.

"Wameondoka. Amebaki mjomba wao."

Nikasugua tena.

Kazi ya mikono ilikwenda vizuri, siwezi kulalamika. Mikono haikuugua. Lakini sikuwa na raha. Nilikuwa nainuka kila dakika. Nashika mswaki, naweka, nashika kitambaa, naenda dirishani, nagusa mikoba iliyoning'inia kwenye kamba, narudi kwenye kiti, nainuka. Kila mkoba niliouona kwenye kamba niliudhania unanuka. Nilianza kumtazama mke wangu akipita karibu nayo, nione kama atakunja pua. Yeye si mtu wa pua, hajawahi kuwa. Kunusa aliniachia mimi tangu siku ya kwanza, na tena mafua ya vumbi la sokoni hayamwachi.

"Una mchwa kwenye kiti?" aliniuliza.

"Nanyoosha mgongo."

"Mgongo huo umenyooshwa leo mpaka utafika barazani."

Mbele yake niliigiza. Nilitumbukiza uso ndani ya mkoba, nikavuta pumzi, nikafumba macho kama zamani, nikasema, "Huu safi." Alipouliza nina hakika, nilimtazama kama mtu aliyetukanwa. Nilikuwa mzuri katika mchezo huo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mara nne au tano nilipiga moyo konde nimwambie.

"Mke wangu."

"Eeh?"

"Niletee ule uzi mweusi."

Au:

"Mke wangu, kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Zipu ya ule wa kijani haifai. Tubadilishe."

Kutoka chumba cha pili nilimsikia mama mkwe akikohoa. Hakuwa na kikohozi.

Kufikia Alhamisi mikoba kumi na mmoja ilikuwa imepita mikononi mwa mama, safi. Ukabaki mmoja, mkubwa, wa ngozi nene nyekundu iliyokolea. Ule ulikuja umepauka, pembe zimelika, mkanda umekatika. Nilishughulika nao siku tatu. Nilijaza pembe, nikapiga msasa mpaka kidole kisihisi mahali ngozi inapoishia na kijazo kinapoanzia. Rangi nilipaka mikono mitano, myembamba, kila mmoja ukisubiri mwenzake ukauke. Nilifuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Bitana nilishona upya kwa mkono, uzi wa nta, mshono mdogo mdogo. Mke wangu alimtumia Mama Kipimo picha, naye akajibu kwamba ule atauweka dirishani, mbele kabisa.

Ijumaa mke wangu hakutoka kutwa nzima. Jumamosi, saa tatu asubuhi, alikuwa bado yuko chumbani akiipanga mikoba juu ya kitanda, anaigeuza, anaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Huu mkubwa umeuangalia vizuri ndani?" akaniuliza. "Isije ikawa kama safari ile."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Alikuwa ametulia, tulikuwa wawili, neno lilikuwa limefika kwenye meno.

"Nimeunusa mara tatu," nikasema. "Hauna kitu. Unanijua mimi."

Akanipiga kidogo begani, akaridhika, akachukua kikapu, akaenda kununua sukari ya mgeni.

Mlango ulipofungwa tu, mama akaita.

"Baba! Niletee ule mkubwa."

Nikampelekea. Akaupapasa muda mrefu, hasa zile pembe, na nikaona kidole chake kikitafuta kijazo kisikipate. Akafungua. Akanusa mara mbili fupi. Akavuta moja ndefu. Akanirudishia.

"Huu hapana."

"Hapana vipi, Mama?"

"Chini. Maziwa. Yameoza chini ya kitako."

"Kadibodi nilibadilisha mwenyewe."

"Kama unajua, kunusa ninanusa kwa nini? Kanuse mwenyewe basi."

Nilirudi na mkoba, nikakaa kitandani, nikausimamisha magotini. Saa nne Mama Kipimo anaingia. Nikiuacha na ukawa unanuka, mzigo wote umekwenda, na mke wangu arudi kuomba cherehani. Nikiufungua, siwezi kuumaliza kabla hajafika. Niliinua uso wangu, nikautumbukiza ndani kama mjinga, nikavuta mpaka mbavu zikaniuma. Nikavuta dirisha lile lile.

Nikachukua wembe.

Mshono niliouweka kwa siku nzima, kuutoa hakukuchukua robo saa. Uzi ulikatika tik, tik, tik, na kila uzi nilikuwa nakumbuka nilikuwa nafikiria nini nilipoupitisha. Nikavuta bitana nje kama ulimi. Nikang'oa kadibodi, na gundi ikararua kitambaa pembeni. Nikaigeuza kuelekea mwanga.

Ilikuwa nyeupe. Kavu. Nikapapasa ngozi chini yake, kavu. Nikakwaruza kwa ukucha, nikatazama ukucha. Safi.

"Unafanya nini?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na pakiti ya sukari. Alitazama wembe, akatazama bitana, akatazama nyuzi zilizojaa magotini mwangu.

"Ule wa dirishani," akasema taratibu. "Ule wa dirishani ndio umeuchana?"

"Mama amesema unanuka."

"Mama?" Akaunyakua, akatia uso ndani, akavuta. "Haunuki kitu! Mbona unamsikiliza Mama? Si umeniambia sasa hivi umeunusa mara tatu?"

Nilijaribu kutafuta uongo mwingine. Sikuupata. Nilikuwa nimechoka kuinuka na kukaa.

"Sijanusa," nikasema. "Sinusi. Tangu ile homa. Sinusi mkoba, sinusi chakula, sinusi hata moshi. Ile siki ilikuwa hivyo. Hii yote amenusa mama yako."

Mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye korido, mkono ukutani.

"Mkoba hauna kitu," akasema. "Unanukia ngozi. Nimesema uongo. Nilimpa wiki mbili akwambie, na leo nimemsikia kwa masikio yangu akikwambia amenusa mara tatu. Nikaona huyu asiposhikwa mkono, atanizika na siri yake."

"Kwa hiyo dawa ni kumharibisha mkoba?"

"Mkoba atashona. Si ndiyo kazi yake?"

Mke wangu aliweka sukari chini. Sijui alikuwa anamkasirikia nani kwanza. Alitugeukia kwa zamu.

"Miezi miwili!" akaniambia. "Kila siku nikifunua sufuria unaniambia, kinanukia vizuri!"

"Nilikuwa naangalia mvuke."

"Mvuke?"

"Ukiwa mwingi nasema vizuri sana."

Mama mkwe alicheka, na mke wangu akamwambia, "Mama, usicheke, na wewe zamu yako inakuja." Kisha sauti ikamshuka. "Umemwambia Mama kabla yangu."

"Sikumwambia. Alinikamata na chai."

Hatukufika mbali. Mlango ukagongwa. Mke wangu akajifuta uso kwa kiganja, akaukusanya mkoba uliochanika, akausukuma chini ya mto.

Mama Kipimo aliingia na utepe shingoni. Hakutaka chai wala kiti. Alipima mikanda, akavuta zipu, akabonyeza pembe kwa dole gumba. Kisha akaanza kunusa, mmoja baada ya mmoja, na mimi nilisimama ukutani nikahesabu pumzi zake. Ule wa panya aliurudia mara mbili. Akauweka na wenzake.

"Kumi na mmoja," akasema. "Ule mwekundu uko wapi?"

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Nimeuchana leo asubuhi. Nilidhani unanuka, na haunuki. Bitana inataka kushonwa upya. Jumanne utakuwa tayari."

"Ulidhani? Si ndiye wewe wa pua ya mbwa?"

"Pua yangu imekufa. Ile siki ya safari ile ni kwa sababu hiyo. Hii amenusa mama mkwe wangu, huyu hapa."

Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Mama Kipimo alimgeukia mama, akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. Akavua mkoba wake mwenyewe begani, akamwekea mikononi.

"Na huu, Bibi?"

Mama akaufungua. Mbili fupi, moja ndefu.

"Dawa ya kikohozi. Na ndizi. Ndizi yenyewe si ya leo wala jana."

Mama Kipimo akatia mkono mpaka kiwikoni, akapekua, akatoa ndizi nyeusi kama soksi. Alicheka mpaka akakalia kile kiti alichokikataa.

"Nachukua hii yote," akasema alipopata pumzi. "Mwekundu Jumanne, na usiposhonwa sawa nitaona, macho yangu hayajafa. Mwezi ujao ishirini. Lakini bibi ndiye anuse. Wewe fundi nisikuone umetia uso ndani."

Hivyo ndivyo nilivyowekwa chini ya mama mkwe wangu kikazi. Naye hakungoja hata gari la mgeni liondoke. "Kesho," akaniambia akirudi chumbani kwake, "kiti changu ukihamishie karibu na dirisha."

Nilitoa mkoba chini ya mto, nikaanza kuokota nyuzi. Mke wangu alisimama akinitazama. Nilijua hajamaliza nami, nikangoja kelele. Alitoka, nikasikia makabati ya jikoni yakifunguka na kufungwa, akarudi ameshika vitu kwenye upindo wa kanga.

"Fumba macho."

"Nina kazi."

"Fumba."

Nikafumba. Akanisogezea kitu puani.

"Nini hiki?"

"Sijui."

"Na hiki?"

"Sijui."

"Hiki je? Vuta, usijifanye."

"Navuta. Hakuna kitu."

Alikuwa na haraka, anabadilisha kimoja baada ya kingine, na kila niliposema sijui pumzi yake ilizidi kuwa fupi. Nilisikia kizibo cha chupa kikifunguliwa, kibiriti kikiwashwa na kuzimwa, karatasi ikichanwa. Mwisho kitu kikagusa mdomo wangu wa juu, kikabaki pale.

"Huo ni mkono wako," nikasema.

"Umenusa?"

Nilifikiri kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angefurahi.

"Hapana. Una joto tu."

Hakuuondoa mara moja. Kisha nikasikia kandambili zake zikielekea tena jikoni, zikienda upesi.

"Usifumbue," akasema kutoka huko. "Kuna rafu sijaifikia."